Kisangani: jina lililomshinda Stanley

Maji ya kwetu yanaujua mji huu kuliko sisi. Mto Lowa huanzia kwenye milima ya Masisi, ukaikata Walikale na misitu yake, kisha ukamwaga maji katika Lualaba. Kutoka hapo maji hayo hupita maporomoko saba, yaliyotawanyika kwa zaidi ya kilomita 100 kati ya Ubundu na Kisangani. Yakishavuka la mwisho, hata mto wenyewe hubadili jina: Lualaba inaishia hapo, na Kongo inaanza.

Wenyeji wa maporomoko hayo ni Wagenya. Ujuzi wao wa uvuvi ungali unaonekana hadi leo. Husimamisha magogo marefu katikati ya miamba, wakayafunga kwa kamba za msituni, kisha wakatundika vikapu vikubwa vyenye midomo mipana. Mkondo wenyewe ndio unaomsukuma samaki ndani; kazi ya mvuvi ni kupanda juu ya magogo na kuvuta kikapu bila kuteleza. Makazi yao yalikuwa ukingoni na visiwani, na jina la kienyeji la mahali hapo ni Boyoma.

Katika karne ya 19 walifika wageni wenye Kiswahili vinywani: wafanyabiashara wa pembe na watumwa kutoka Zanzibar, pamoja na wangwana wao wa Manyema, wakitokea Nyangwe na Kasongo. Ndani ya jina Kisangani mna neno la kisiwa, ndugu wa «esanga» ambalo kila msemaji wa Kilingala analijua. Mwishoni likabandikwa «-ni» ya Kiswahili cha wageni hao, ile ya nyumbani na sokoni. Kwa hiyo Kisangani ni «kule kisiwani». Mtu wa pwani, ambaye kwake kisanga ni mkasa, anaweza kucheka. Lakini kwa historia ya mji huu, hata yeye hangekosea sana.

Msafiri Henry Morton Stanley alipita hapo Januari 1877, akarudi Desemba 1883 kumfungulia Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji, kituo. Kituo kikapewa jina la Stanley. Hakikudumu: mwaka 1886 watu wa Waswahili-Waarabu walikishambulia, na maofisa wake wakakimbia. Mwaka uliofuata Stanley mwenyewe alikwenda Zanzibar kupatana na Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yaani Tippu Tip, ambaye akateuliwa kuwa wali wa Stanley Falls kwa niaba ya mfalme huyo. Utawala wa Waarabu ulivunjwa katika vita vya 1892 hadi 1894, lakini Kiswahili kilibaki.

Ndiyo maana kwa miongo mingi mji ulikuwa na majina mawili. Stanleyville lilikaa kwenye ramani, kwenye barua za serikali na kwenye tiketi za treni ya Ponthierville (Ubundu ya leo), ambayo reli yake ilikamilika mwaka 1906. Kisangani lilikaa vinywani mwa wasemaji wa Kiswahili. Mzungu aliandika la kwanza, boi wake akatamka la pili, na wote wawili walikuwa wakizungumzia mji mmoja.

Mwaka 1966 Rais Mobutu aliyafuta majina ya kikoloni: Léopoldville ikawa Kinshasa, Élisabethville ikawa Lubumbashi, Stanleyville ikawa Kisangani. Miaka mitano baadaye nchi nzima ikaitwa Zaire. Kipimo cha kweli kilikuja 1997, Mobutu alipoanguka. Jina la Zaire liliondoka naye, lakini hakuna aliyeirudisha Stanleyville. Zaire lilikuwa jina la amri. Kisangani lilikuwa la watu, na amri ililikuta tayari linatumika.

Bukavu inatoa ushahidi uleule. Mwaka 1927 Wabelgiji waliuita mji huo Costermansville, kwa heshima ya ofisa wao Paul Costermans. Katika miaka ya 1950, wakiwa bado wanatawala, wao wenyewe waliirudisha Bukavu. Jina la ofisa lilikuwa halijamaliza hata miaka 30.

Hapa kwetu, Masisi na Walikale, hatari haiji tena na Stanley. Inakuja na uzembe wa maandishi. Mji ulio jirani na Mweso tunausoma Kitchanga kwenye karatasi moja, Kitshanga kwenye nyingine, na kila shirika linalochora ramani huandika lilivyosikia. Vijito na vilima vingi havijaandikwa kabisa, na wazee wanaojua majina yake wamehamishwa na vita mara kwa mara. Walimu wa Mweso, Masisi na Walikale, wapeni wanafunzi kazi hii: waende kwa bibi na babu zao, waandike jina la kila kilima na kila kijito, pamoja na maelezo yake. Jina la Kisangani liliokolewa na watu walioendelea kulitamka. Majina yetu yanahitaji kutamkwa, na kuandikwa pia.