Magonjwa ya virusi ya muhogo

Magonjwa ya virusi ya muhogo ni magonjwa ya kuambukiza yanayoshambulia zao la muhogo (Manihot esculenta), hasa barani Afrika. Makubwa ni mawili: ugonjwa wa batobato na ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Yote mawili yalielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza kutokana na mimea ya eneo la milima ya Usambara, kaskazini-mashariki mwa Tanzania. Kazi ya kuzalisha mihogo inayoyahimili ilifanyika kwa miaka mingi katika kituo cha utafiti cha Amani, ambacho leo kiko katika wilaya ya Muheza, mkoa wa Tanga.

Visababishi

Kirusi hakina seli kama bakteria au kuvu. Ni kipande cha DNA au RNA kilichofunikwa kwa protini, na hakiwezi kuongezeka nje ya seli hai za mwenyeji wake, yaani kiumbe kinachoambukizwa. Virusi vya batobato vina DNA na vimo katika jenasi Begomovirus. Virusi vya michirizi ya kahawia vina RNA na vimo katika jenasi Ipomovirus.

Virusi hivi haviambukizi binadamu wala mifugo. Madhara yake kwa watu ni kupungua kwa chakula. Jambo hilo ni zito katika maeneo ambako muhogo ndio akiba ya kaya mvua zinapokosekana na mahindi yanapokauka.

Uenezi

Magonjwa haya huenea kwa njia mbili. Ya kwanza ni mdudu mdogo aitwaye nzi mweupe (Bemisia tabaci). Licha ya jina lake, mdudu huyu si nzi, bali yuko karibu zaidi na vidukari. Hufyonza utomvu upande wa chini wa majani, na akitoka kwenye mmea mgonjwa huchukua virusi na kuvipeleka kwenye mmea mzima. Kiumbe kinachobeba kisababishi cha ugonjwa kwa namna hii huitwa kienezi, kama mbu alivyo kienezi cha malaria. Virusi vya batobato hudumu ndani ya mdudu huyu kwa siku kadhaa. Vile vya michirizi hudumu muda mfupi tu, kwa hiyo kwa kawaida havifiki mbali kwa njia hiyo.

Njia ya pili ni binadamu. Muhogo hupandwa kwa pingili za shina, na pingili iliyokatwa kwenye mmea mgonjwa huota ikiwa tayari na virusi. Mzigo wa pingili ukisafirishwa kwa gari, ugonjwa unaweza kuvuka mikoa kwa siku moja.

Dalili

Mmea wenye batobato huonekana mapema. Majani huwa na mabaka ya manjano au ya kijani hafifu, hujikunja na kupoteza umbo, na mmea hudumaa. Mizizi huwa michache na midogo.

Michirizi ya kahawia hujificha zaidi. Majani yaliyokomaa hupata manjano kandokando ya vena zake, na shina changa huweza kuwa na michirizi ya rangi ya kahawia. Mkulima anaweza kudhani kwamba majani hayo yamezeeka tu. Mmea unaweza kuwa mrefu na wenye afya machoni, lakini mizizi ikikatwa huonekana ina madoa makavu na magumu ya kahawia ambayo hayafai kuliwa. Kwa sababu hiyo baadhi ya wakulima huvuna mapema kabla ya mizizi kuharibika, ingawa hupata mavuno madogo.

Historia ya utafiti

Mtaalamu wa mimea Otto Warburg aliueleza ugonjwa wa batobato mwaka 1894, akiandika juu ya mazao ya Usambara. Mwaka 1902 serikali ya kikoloni ya Ujerumani ilianzisha taasisi ya biolojia na kilimo huko Amani. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza kituo kilikuwa chini ya Waingereza. Mwaka 1936 mtafiti wake H. H. Storey aliueleza ugonjwa wa michirizi ya kahawia kuwa ugonjwa tofauti na batobato.

Hakuna dawa ya kuponya mmea wenye virusi shambani. Storey na mwenzake R. F. W. Nichols walitafuta kinga katika urithi wa mmea wenyewe. Walichavusha muhogo kwa jamaa yake wa porini, hasa mpira wa Ceará (Manihot glaziovii), mti wenye asili ya Brazili. Chotara wa kwanza walikuwa na ukinzani, lakini mizizi yao haikufaa kwa chakula. Ikabidi wachavushwe tena na tena na muhogo wa kawaida mpaka mizizi mizuri ikarudi huku ukinzani ukibaki.

Mbegu zilizotokana na kazi hiyo zilifika Nigeria katika miaka ya 1950. Baadaye taasisi ya kimataifa ya kilimo cha tropiki, IITA, iliyoanzishwa Ibadan mwaka 1967, ilitumia uzao wake kuzalisha aina zilizosambaa katika nchi nyingi za Afrika. Aina ya Namikonga, ambayo Kenya huitwa Kaleso, nayo inatokana na machotara wa Amani, na inajulikana kwa kuhimili michirizi ya kahawia.

Hali ya baadaye

Kwa muda mrefu michirizi ya kahawia ilijulikana zaidi katika pwani na maeneo ya chini. Tangu mwaka 2004 imeonekana pia Uganda na katika maeneo ya juu karibu na Ziwa Viktoria. Kabla ya hapo, katika miaka ya 1990, batobato kali iliyotokana na virusi vilivyochanganya urithi wao iliharibu mashamba mengi ya Uganda na kuenea katika nchi jirani.

Kinga

- Kukata pingili kwenye mimea isiyo na dalili katika majani, shina na mizizi.
- Kung'oa mimea yenye dalili ingali michanga na kuiharibu.
- Kutohamisha pingili kutoka maeneo yenye ugonjwa.
- Kupanda aina kinzani au stahimilivu. Aina kinzani huzuia virusi kuongezeka. Aina stahimilivu, kama Kiroba, huweza kuambukizwa lakini bado hutoa mavuno, kwa hiyo pingili zake nazo zinaweza kubeba ugonjwa na zinahitaji kuchaguliwa kwa uangalifu.