Kiasi ndicho salama ya bastola

Gobori lilipoingia pwani lilikuja na maneno yake: mdeki wa kushindilia, fataki ya kuwashia, na kiasi. Kiasi, ndugu msomaji, ndiyo risasi kamili pamoja na baruti yake, na kamusi za zamani zinalo neno hilo kwa maana hiyo. Sisi tumelisahau, tukabakiwa na kiasi cha chumvi na sukari.

Nililikumbuka nilipokuwa Nakuru. Jamaa mmoja mlenga shabaha, mwenye cheti cha silaha, alinionyesha bastola yake ya Uberti iliyoundwa Italia kwa mfano wa Colt ya mwaka 1873. Kila risasi sharti kwanza uivute nyundo kwa kidole gumba, ndipo ifyatuke. Akaniuliza, "Mzee, ya kikale hii, niilishe nini?"

Bondeni humo swali hilo si geni. Misafara ya pembe kutoka pwani ilipita Naivasha kwenda Njemps, karibu na Ziwa Baringo. Mwaka 1883 Joseph Thomson alipita Naivasha pamoja na Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa Pangani. Mwenye gobori alijipimia baruti mwenyewe, na aliyezidisha aliweza kupasukiwa na mtutu usoni.

Baruti ya siku zile ilikuwa nyeusi, ya shura, makaa na salfa. Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille akabuni isiyo na moshi, ambayo kidogo chake kina nguvu nyingi. Hapo ndipo penye hatari.

Bastola ya kushindilia, ijapokuwa imeundwa jana, haitaki ila baruti nyeusi au ile iliyotengenezwa makusudi kushika mahali pake. Isiyo na moshi, hata chembe isitiwe. Bastola kama ya jamaa yangu, inayotumia risasi kamili, chuma chake ni kipya na imejaribiwa na kupigwa muhuri kule Gardone Val Trompia. Hiyo hutumia risasi za kawaida za kipimo kilichoandikwa juu yake, zikiwa katika kasha la kiwandani. Ama Colt ya asili iliyoundwa kabla ya 1900, isipigwe ila kwa baruti nyeusi, tena baada ya fundi kuikagua.

Walakini ziko risasi za .45 Colt zilizotiwa nguvu kwa ajili ya bastola nzito zaidi, na mkazo wake hufika maradufu ya zile za kawaida. Nazo huingia katika tundu lile lile bila ya kukwama! Kuingia si kufaa. Wala usipokee risasi alizojaza rafiki nyumbani: Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, hudai cheti kwa risasi kama inavyodai kwa bunduki, na hujui mkono wake ulipima mara moja au mara mbili.

Wahenga waliiita kiasi, na jina hilo linatosha kuwa onyo. Ngoma ikivuma sana haikawii kupasuka.