Ng'endo Mukii: Msanii anayezipa picha uhai

INGIA katika duka lolote la vinyago jijini Nairobi na karibu na mlango huenda ukakuta kadi za posta. Katika moja yumo morani wa Kisamburu, nywele zimepakwa ngeu, shanga zimejaa shingoni, ameegemea mkuki akitazama mbali. Labda alipigwa picha Wamba, labda Archer's Post, labda Kipsing. Kadi haisemi. Nyuma yake imeandikwa tu kwamba huyu ni morani wa Kenya, basi. Jina lake hakuna aliyeliuliza.

Kwa wasiofika huko, Kipsing ni kituo kidogo katika wadi ya Oldonyiro, Kaunti ya Isiolo, katika nchi kavu ya wafugaji wa Kisamburu na Kiturkana. Mto wake ni laga, yaani mto wa msimu, ambao kwa sehemu kubwa ya mwaka huwa ni mchanga mtupu. Watu wa sehemu kama hizo ni miongoni mwa Wakenya wanaopigwa picha sana na kusikika kidogo. Mtalii hupiga, mwandishi wa habari za ukame hupiga, mfanyakazi wa shirika la misaada naye hupiga. Kila mmoja huondoka na picha yake.

Yuko msanii mmoja Mkenya ambaye amelifikiria sana jambo hili, na kulitafutia dawa katika kazi ambayo wengi wetu huihesabu kuwa ya watoto: filamu za vibonzo. Jina lake ni Ng'endo Mukii.

Homa ya manjano

Bi Mukii alisomea utengenezaji wa filamu katika chuo cha Rhode Island School of Design huko Marekani, kisha akaenda London katika Royal College of Art, ambako alimaliza shahada ya uzamili mwaka wa 2012. Filamu aliyotengeneza kumalizia masomo hayo ndiyo iliyomtangaza. Inaitwa Yellow Fever, yaani homa ya manjano, na haifiki hata dakika saba. Mwaka wa 2013 ilishinda tuzo ya Silver Hugo katika tamasha la kimataifa la filamu la Chicago.

Hapa homa ya manjano haina uhusiano na mbu. Ni jina ambalo mwanamuziki wa Nigeria, Fela Kuti, aliupa wimbo wake wa mwaka wa 1976 kuwahusu watu wanaojichubua ngozi. Sisi huku tuna neno letu: mkorogo. Na mkorogo ndio unaoianzisha filamu. Bi Mukii anamkumbuka mwanamke aliyemwona alipokuwa mtoto, ambaye uso wake ulikuwa umegeuka mweupe ilhali mikono ilibaki na weusi wake wa kuzaliwa. Wengi wetu tuliolelewa mijini tunamjua mwanamke huyo, kama si msusi wa saluni basi ni jirani au shangazi. Vifundo vya vidole ndivyo vinavyomtoa siri.

Lakini sehemu inayochoma zaidi haimhusu mtu mzima. Ni mazungumzo na msichana mdogo wa ukoo wake. Kwa sauti ya kawaida kabisa, isiyo na huzuni yoyote, mtoto anaeleza kwamba angependa kuwa Mmarekani ili awe mweupe. Anasema hivyo kama vile mtoto mwingine angesema anataka baiskeli.

Mpenzi msomaji, hakuna mzazi aliyekaa na mtoto huyo akamfundisha maneno hayo. Ameyaokota kidogo kidogo: kwenye mwanasesere mwenye nywele za dhahabu, kwenye matangazo ya runinga, na katika ndimi zetu tunapomsifu mtoto wa jirani kuwa “mrembo, mweupe.” Serikali zinaweza kupiga marufuku sabuni na krimu zenye zebaki, na zimefanya hivyo, hata mkataba wa kimataifa wa Minamata uliweka mwaka wa 2020 kuwa mwisho wa vipodozi vyenye zebaki. Sentensi ya mtoto haikamatwi na forodha.

Kazi ya mkono

Ili kuelewa kwa nini Bi Mukii hakuchukua tu kamera akawahoji watu kama watengenezaji wengine wa filamu, inafaa kujua vibonzo hutengenezwaje. Filamu ya kawaida huonyesha picha 24 kila sekunde. Wachoraji wengi hupunguza mzigo kwa kukionyesha kila kibonzo mara mbili, hivyo hutosheka na michoro 12 kwa sekunde. Piga hesabu: dakika moja ni michoro 720, na dakika saba ni zaidi ya 5,000. Katika kampuni kubwa kazi hiyo hugawanywa kwa mamia ya watu. Msanii wa kujitegemea huibeba yeye na marafiki wachache, na ndiyo maana filamu zake huwa fupi.

Kisha Bi Mukii hachori tu. Katika Yellow Fever amechanganya michoro ya mkono, kazi ya kompyuta, na wachezaji dansi wa kweli waliopigwa picha hatua kwa hatua, hivi kwamba miili yao inaruka na kushtuka kana kwamba ngozi inawabana. Kazi kama hizi huitwa filamu za majaribio. Hazisimulii kisa tangu mwanzo hadi mwisho kama sinema za kawaida. Mtazamaji aliyezoea kuuliza “halafu ikawaje?” huenda akachoka mapema, nami namsihi avumilie, maana anachoonyeshwa hapa ni hisia, na hisia haina “halafu.”

Kuna faida nyingine, nayo ni ya heshima. Sauti ya mtoto ni ya kweli, lakini mtoto tunayemwona amechorwa. Maneno yake yametufikia bila uso wake kubandikwa kila mahali hadi uzeeni.

Simba wa Tsavo

Sasa turudi kwa morani wetu wa kadi ya posta. Bi Mukii amewahi kueleza hadharani fikra ambayo ndiyo mzizi wa kazi yake. Anazilinganisha filamu na picha za zamani zilizopigwa kuonyesha “makabila” ya Afrika na kazi ya wale wanaochuna ngozi ya mnyama aliyekufa, wakaitia dawa, wakaijaza na kuisimamisha katika jumba la makumbusho. Macho ya kioo yanang'aa, mdomo umeachama, kila kitu kiko mahali pake isipokuwa uhai. Anachokitaka yeye ni kinyume chake, kuwarudishia uhai waliogandishwa.

Mfano wake unatuhusu kuliko tunavyodhani. Wale simba wawili wa Tsavo waliokuwa wakiwala wajenzi wa reli waliuawa na John Henry Patterson mwaka wa 1898. Ngozi zao zilitumika kama mazulia nyumbani kwake kwa miaka mingi, hadi mwaka wa 1924 alipoziuza kwa jumba la makumbusho la Field kwa dola 5,000. Wakajazwa, wakasimamishwa, na wangali huko wakitazamwa na watoto wa shule. Jumba hilo liko Chicago, mji ule ule uliompa Bi Mukii tuzo.

Isiolo nayo ina historia yake katika mambo haya. Joy Adamson, yule wa simba Elsa, aliishi Isiolo ambako mumewe alikuwa askari mkuu wa wanyamapori. Kabla ya Elsa kumpa sifa, serikali ya kikoloni ilimwajiri azunguke nchini akiwachora wenyeji katika mavazi yao ya jadi, naye akachora mamia ya picha. Ni kazi nzuri, hilo sibishi, na leo ni hazina kwa anayetaka kujua shanga zilivaliwaje. Lakini zitazame kwa makini: karibu wote wamesimama au kukaa kimya, wakiwa vielelezo vya kabila zima. Hakuna anayecheka mzaha wa mwenziwe.

Ajabu ni kwamba lugha yetu ilikwisha kulisema jambo hili. Wataalamu wa Kiswahili huiita sanaa ya vibonzo vinavyotembea “uhuishaji,” na kuhuisha ni kukipa kitu uhai. Neno hilo linamkaa Bi Mukii kuliko wachoraji wengi wanaotumia kompyuta kubwa kuliko zake.

Baada ya Yellow Fever aliendelea. This Migrant Business ya mwaka wa 2015 inahusu biashara ya kuwasafirisha wahamiaji kutoka Pembe ya Afrika. Nairobi Berries ya mwaka wa 2017 ni ya kutazamwa kwa miwani maalumu inayomzungushia mtazamaji jiji pande zote. Mwaka wa 2023 filamu yake Enkai ilitoka katika mkusanyiko wa Kizazi Moto, filamu kumi za wasanii wa Kiafrika zilizoonyeshwa na Disney+. Inamhusu msichana ambaye mama yake ni muumba wa dunia. Jina Enkai ni la Kimaasai, ndilo la Mungu, na Wasamburu wa Kipsing husema Nkai, neno wanalolitumia pia kwa mvua. Kwa uzuri wa rangi Enkai inaishinda Yellow Fever mbali sana. Hata hivyo, kama ningelazimika kubaki na moja, ningebaki na ile ya mwanafunzi.

Sababu ni hii: katika Yellow Fever Bi Mukii hakwenda kumchora mtu wa mbali. Alianza na jamaa zake, na maneno aliyoyasikia nyumbani, na aibu za mji wake mwenyewe. Hapo ndipo somo linapoifikia Kipsing, na ni somo gumu kidogo kwetu sisi wa mijini. Mtu wa Nairobi akienda Kipsing na penseli badala ya kamera, bado ni mgeni anayeondoka na picha. Kinachohitajika ni penseli kushikwa na mtoto wa huko.

Mchanga haununuliwi

Usidhani hilo ni ndoto. Katika Kongo, Jean-Michel Kibushi alianza katika hali ngumu zaidi ya hii, na mwaka wa 1991 akatoa filamu fupi ya vibonzo kutokana na ngano ya Watetela juu ya chura aliyekwenda ukweni. Studio yake aliiita Malembe Maa, na “malembe” kwa Kilingala ni polepole. Jina hilo liliwafaa kabisa watu wa kazi hii.

Na kama karatasi 5,000 ni ghali, kuna njia isiyotaka karatasi hata moja. Mwaka wa 1969 mwanafunzi mmoja wa Harvard, Caroline Leaf, alimwaga mchanga juu ya kioo kilichowashiwa taa kwa chini. Palipo na mchanga pakawa peusi, palipofagiliwa pakawa na mwanga. Akasukuma mchanga kwa kidole, akapiga picha, akasukuma tena, akapiga nyingine. Miaka mitano baadaye, huko Kanada, alitumia njia hiyo kusimulia kisa cha Wainuit cha bundi aliyemwoa bata bukini, na sauti zinazosikika ni za lugha yao wenyewe. Karibu nasi, Naomi van Niekerk wa Afrika Kusini alitoa filamu ya mchanga mwaka wa 2015. Kila mchoro hufutwa na unaofuata, kwa hiyo ukikosea hakuna kurudi nyuma, na kazi ikiisha kinachobaki mezani ni fungu la mchanga tu.

Hesabu vifaa: kioo cha dirisha, taa ya sola chini yake, simu iliyofungwa juu isitikisike, na programu ya bure ya kuunganisha picha. Sauti itangulie. Bibi arekodiwe akisimulia kisa kifupi kwa Kisamburu au Kiturkana, hata cha nusu dakika, na atajwe jina lake mwishoni akiridhia. Nusu dakika kwa picha 12 kila sekunde ni picha 360, kazi ambayo wanafunzi wanne wanaweza kuimaliza katika likizo moja ya shule wakipokezana. Mchanga wenyewe uko kwenye laga, tani kwa tani. Uchekechwe tu kwanza, maana changarawe hukwaruza kioo.