Simu moja, watoto wanne: Nani asome kwanza?

MACHI 15, 2020, aliyekuwa Rais wakati huo, Bw Uhuru Kenyatta, alitangaza kufungwa kwa shule nchini kutokana na ugonjwa wa Covid-19. Wanafunzi wa Gredi ya Nne, Darasa la Nane na Kidato cha Nne walirejea Oktoba 12 mwaka huo. Wenzao walisubiri hadi Januari 4, 2021. Muda huo wote walitakiwa kusomea nyumbani kwa redio, runinga na intaneti.

Je, mtoto wa Kedowa, Kaunti ya Kericho, angesomaje?

Katika nyumba nyingi za eneo hilo la majani chai, simu yenye intaneti ilikuwa moja tu, nayo ya mzazi. Mzazi alipoondoka asubuhi kwenda kuchuma chai, aliondoka na darasa mfukoni. Aliporejea jioni, betri ilikuwa imekwisha moto na pesa za bando hazikuwepo.

Julai 2020, baluni za kampuni ya Loon zilianza kusambaza intaneti kutoka angani kupitia mtandao wa Telkom, Kericho na Bomet zikiwa miongoni mwa sehemu zilizolengwa. Lakini baluni haimpi mtoto simu, na mradi wenyewe ulifungwa 2021.

Matokeo yake yalianzia nyumbani. Simu ilipewa mtahiniwa, wadogo zake wakanuna. Msichana aliachiwa vyombo na kuni huku kaka yake akisoma. Majirani waliokuwa wakikaa dawati moja walitengana, mmoja akiendelea na hesabu, mwingine akisahau hata alikoachia. Mitihani ya KCPE na KCSE ilipofika Machi 2021, wote wawili walipewa karatasi moja.

Jeraha jingine halikuonekana kwenye alama. Shuleni ndiko mtoto hucheza, hutaniana na kumnong'onezea rafiki yanayomsumbua. Alipokosa hayo, wapo walionyamaza, waliokosa usingizi na waliokasirika ovyo. Wazazi wengi waliuita utundu.

Mzazi, usidhani hayo yamepita. Hadi leo walimu hutuma kazi za ziada kwa WhatsApp, na simu ingali moja. Basi panga zamu, kila mtoto ajue saa yake, msichana na mvulana sawa. Mwenye mtihani aongezewe muda, ila asipewe simu usiku kucha. Usimlinganishe mtoto na wa jirani mwenye kompyuta. Kama huna bando, mwambie mwalimu mapema ili mtoto asiadhibiwe kwa umaskini wenu.

Na ukimwona amejitenga au hali chakula, kaa naye, umsikilize kabla ya kuuliza habari za alama. Hali hiyo ikiendelea, mwone mwalimu mshauri au mhudumu wa afya. Mficha maradhi, kilio humuumbua.