Kompyuta ya kafe inaganda? Punguzia brauza mzigo

Wadau wa Dodoma, hali halisi mnaijua: unajaza fomu ya mkopo wa HESLB au unaomba kazi Ajira Portal, dakika zinahesabiwa, mara mashine inaganda. Usikimbilie kulaumu mtandao. Mara nyingi ni memori imejaa. Chrome, tangu itoke mwaka 2008, huwa inaendesha kurasa kama programu mbalimbali, na kila moja inamega memori. Ikijaa, Windows inahamishia vitu kwenye diski, na diski ya zamani ni kobe.

Fanya hivi:

1. Okoa fomu yako kwanza.
2. Funga kurasa usizozihitaji, hasa za video.
3. Kwenye Chrome bonyeza Shift na Esc pamoja. Kwenye Firefox andika about:processes pale pa anwani. Utaona nani anakula memori nyingi, mzime. Ila usiguse ukurasa wa fomu, ulichoandika kinaweza kupotea!
4. Bado nzito? Funga brauza yote, ifungue upya, na ufungue fomu peke yake.

Una mbinu nyingine? Tumwagie hapo chini.