Je, Wajua? Deni, Akiba na Kustaafu Kabla ya Wakati

Je, wajua kwamba "asilimia 2 kwa mwezi" inaweza kuwa bei mbili tofauti? Kopa shilingi 1,000,000 kwa miezi 12. Riba ikipigwa juu ya mkopo wote mpaka mwisho, utalipa riba ya 240,000. Ikipigwa juu ya salio linalopungua, utalipa takriban 135,000. Kiwango ni kilekile, muda ni uleule, ila zaidi ya laki moja imetoka nyumbani kwako. Kwenye hesabu ya kwanza, mwezi wa 12 bado unatozwa riba ya milioni nzima wakati unadaiwa chini ya laki moja. Kwa hiyo kabla ya kusaini, omba ratiba ya marejesho, kaa na mwenzio, teremsheni kidole kwenye safu ya riba. Mkikuta 20,000 mwezi wa kwanza na 20,000 ileile mwezi wa mwisho, mmeshajua mnauziwa nini. Afisa mikopo asiyetaka kuwaonyesha karatasi hiyo, muageni.

Mikopo ambayo mitaani Tanzania inaitwa kausha damu haikupewa jina hilo bure. Kwa asilimia 20 kwa mwezi, riba ikizaa riba, deni la 500,000 linapita milioni moja ndani ya miezi 4. Wapo wakopeshaji wanaoshika kadi ya benki ya mkopaji pamoja na namba yake ya siri; mshahara ukiingia, wao ndio wa kwanza kuutoa. Usimpe mtu yeyote namba hiyo, hata kama ada ya shule inadaiwa kesho.

Je, wajua kwamba sheria ya ajira ya Kenya hairuhusu makato yote kwa pamoja yazidi theluthi mbili ya mshahara? Theluthi moja lazima imfikie mfanyakazi. Lakini huo ni ukuta wa mwisho, na familia iliyougusa imeshaumia siku nyingi.

Na mwenye mkopo wa elimu ya juu Tanzania hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Wanandoa wote wawili wakiwa wanadaiwa, makato hayo yaingizwe kwenye hesabu kabla ya kupanga nyumba ya kodi kubwa.

Madeni yakiwa manne au matano, lipi lilipwe kwanza? Hesabu inasema lenye riba kubwa kuliko yote, kwa sababu ndilo linalokula haraka. Wengine huanza na lililo dogo, walifute, wapate moyo. Mimi nasimama na hesabu, isipokuwa pale deni dogo linapodaiwa na ndugu au jirani: hilo lipeni mapema, undugu nao una thamani yake.

Je, wajua kwamba vikundi vya kuweka na kukopa vya kina mama, vyenye sanduku la kufuli tatu, vina asili Niger? Shirika la CARE lilianza navyo huko mwaka 1991, na mtindo huo ukasambaa Afrika, ukafika kwetu. Ushirika wa akiba na mikopo, yaani Saccos, ni mkongwe zaidi: Friedrich Wilhelm Raiffeisen aliunda chama cha mikopo Heddesdorf, Ujerumani, mwaka 1864, ili kuwaokoa wakulima na wakopeshaji wa riba kali.

Sasa njoo kwenye kustaafu mapema, ambako watu wengi hutazama ukubwa wa mshahara na kusahau jambo zito zaidi: sehemu inayobaki. Anayeweka asilimia 10 ya kipato anahitaji miaka 9 ya kazi ili kupata matumizi ya mwaka mmoja. Anayeweka asilimia 25 anahitaji miaka 3. Anayeweka nusu, mwaka mmoja tu. Hapo faida ya uwekezaji bado haijahesabiwa, na mshahara wenyewe haujatajwa. Ndiyo maana mwalimu asiye na deni anaweza kumtangulia meneja mwenye gari la mkopo.

Muda nao una nguvu. Weka 50,000 kila mwezi mahali panapotoa asilimia 10 kwa mwaka, faida ikirudishwa humohumo. Baada ya miaka 10 una takriban milioni 10.2. Baada ya miaka 20 una karibu milioni 38, ingawa ulichotoa mfukoni ni milioni 12 tu. Mfumuko wa bei utamega sehemu yake, lakini aliyeanza na miaka 25 hafikiwi kirahisi na aliyeanza na 40.

Je, wajua kanuni ya mara 25, yaani kustaafu ukiwa na akiba ya mara 25 ya matumizi yako ya mwaka, ilitoka wapi? Mwaka 1994 mshauri wa fedha wa Marekani, William Bengen, alionyesha kwamba mstaafu akitoa asilimia 4 ya akiba yake mwaka wa kwanza, kisha akaongeza kadiri bei zinavyopanda, fedha zingemfikisha miaka 30. Familia inayotumia 800,000 kwa mwezi ingehitaji milioni 240. Ila takwimu zake zilikuwa za hisa na hatifungani za Marekani, na anayeacha kazi na miaka 45 anaweza kuishi zaidi ya miaka 30 mingine. Ongezeni tahadhari.

Tanzania umri wa kustaafu kwa hiari ni miaka 55, kwa lazima 60, na pensheni ya kila mwezi inadai michango ya miezi 180. Angalieni kama mwajiri anaipeleka michango hiyo kweli. Msisubiri siku ya kuaga kazini.

Tukirudi kwenye deni, mikopo mingi ya benki huwa na bima inayolipa deni mkopaji akifariki. Wajane wengi huendelea kulipa kwa kutojua. Ulizeni leo kama mkopo wenu unayo, na nakala ya mkataba ikae mahali ambapo wote wawili mnapajua.