Buni Iliyochongoka

Hapana kinywaji ambacho watu wa pwani hudai kukijua zaidi kuliko kahawa: huisikia kabla ya kuiona, kwa mlio wa vikombe vigonganishwavyo na muuzaji apitaye na mdila wake, na huinywa chungu barazani kwa kashata au halua, hata mtu akadhani kwamba buni ni buni tu, na kwamba tofauti yake yote i katika mkono wa aikaangaye. Lakini katika kisiwa cha Réunion, mashariki ya Bukini, ambacho zamani kiliitwa Bourbon, mti mmoja uliikanusha dhana hiyo.

Mwaka 1715 Wafaransa walileta kisiwani humo miche ya kahawa kutoka Mokha, Yemen. Mingi ilikufa, na ile michache iliyosalimika ndiyo iliyojaza mashamba. Katika kizazi chake ukatokea mbuni wa ajabu: mfupi, uliosongamana matawi, mpana chini na mwembamba juu kama pia iliyopinduliwa, na majani yake madogo kuliko ya jamaa zake. Tunda lake huiva jekundu kama mengine, na mpita njia asingelishuku. Lakini ukilibinya kwa kidole gumba na cha shahada, zikateleza buni zake mbili katika ute mtamu, utaona kwamba kila moja imechongoka upande mmoja mithili ya mbegu ya boga. Wafaransa wakaiita Bourbon Pointu, yaani Bourbon yenye ncha; wataalamu wa mimea huiita Laurina.

Asili ya mageuzi hayo ni badiliko moja dogo katika urithi wa mti, tena la namna inayojificha, kwa kuwa mche hauonyeshi alama zake mpaka uwe umelirithi kwa baba na kwa mama. Sifa ya jinsi hiyo ingaliweza kumezwa upesi katika wingi wa mibuni ya kawaida. Ila ua la Arabika, ndiyo aina ya kahawa ya mti huu na jamaa zake, aghalabu hujichavusha lenyewe, likawa baba na mama kwa pamoja, na hivyo mbegu za mti ule ziliota watoto waliofanana nao. Pamoja na umbo, kafeini nayo, ile dawa iondoayo usingizi, ilipungua hata ikakaribia nusu ya iliyomo katika Arabika nyingine; na kwa kuwa kafeini yenyewe ni chungu, kikombe chake ni laini, nacho humwacha mnywaji alale usiku.

Walakini mwenye shamba hupima kwa gunia, na mti huu huzaa haba. Karne ya 19 miwa ilitwaa ardhi ya kisiwa, vimbunga na maradhi yakamaliza mengi ya yaliyosalia, na hatima yake buni iliyochongoka ikabaki jina. Mwaka 1999 Yoshiaki Kawashima, mtaalamu wa kahawa kutoka Japani, alikwenda kuitafuta. Miti michache ikapatikana, wakulima na watafiti wakaiotesha upya, na mwaka 2007 kahawa yake ikauzwa Japani kwa bei ya johari.

Habari hii si ya ugenini mtupu. Mapadri wa Roho Mtakatifu, walioanzisha misheni ya Bagamoyo mwaka 1868, walikuwa na udugu wa karibu na kisiwa kile, na mbegu za Bourbon zilisafiri nao hadi Kilimanjaro, na mwaka 1893 hadi Bura katika nchi ya Taita. Kwa hiyo mibuni mingi mikongwe isimamayo chini ya migomba ya Wachaga ina nasaba moja na ule wa ajabu.

Sifa humwendea avumbuaye, na ni haki yake. Lakini msafiri wa mwaka 1999 asingalivumbua kitu lau shoka lingaliufikia kila mti usiolipa. Basi mkulima akutaye shambani mwake mbuni mmoja mfupi kupita kiasi, wenye majani madogo na mazao haba, asiung'oe kabla hajalibinya tunda lake akaitazama buni iliyomo.